Mtego Uanze na Nyumba: Springi, Panya na Mji Mkongwe wa Unguja

Mkaazi wa Kiponda, Malindi au Mkunazini anamjua panya wake kwa sauti. Usiku humsikia akikimbia juu ya boriti, kisha kimya, kisha mkwaruzo ndani ya ukuta. Asubuhi hukuta kona ya gunia la mchele imetobolewa na vinyesi vimetapakaa nyuma ya jiko. Kila nyumba ina dawa yake: mmoja hununua sumu kwa mchuuzi apitaye na kipaza sauti, mwengine hutandaza gundi, wa tatu hufuga paka, wa nne hutega.

Makala haya yanauliza swali moja. Katika Mji Mkongwe, wenye nyumba za kuta nene za mawe, kifaa gani kinafaa zaidi, na kikitengenezwa hapa hapa Unguja kitengenezwe vipi? Jibu langu ni mtego wa springi, ule wa ubao na waya ambao fundi yeyote mwenye koleo na msumeno anaweza kuujaribu. Lakini ukali wa springi peke yake hautoshi. Mtego huwa mzuri pale fundi anapoanza na panya mwenyewe na nyumba anamoishi, ndipo aje kwenye waya. Tena hata mtego uliokamilika hautaushinda ukuta unaotumiwa na nyumba mbili ikiwa nyumba moja tu ndiyo inayotega.

Panya gani?

Panya wa nyumbani si mwenyeji wa kisiwa hiki. Wanaakiolojia waliochimba Unguja Ukuu, bandari kongwe iliyoko kusini mwa kisiwa, wamekuta mifupa ya panya mweusi katika tabaka za kabla ya mwaka 1000. Asili yake ni Bara Hindi, na alifika pwani yetu ndani ya vyombo vya biashara pamoja na shanga na vyungu. Kwa hiyo tunashindana na mnyama aliyezoea binadamu kwa zaidi ya miaka 1,000, anayepanda kamba ya chombo na kutembea juu ya waya bila taabu.

Leo mjini wapo wa aina tatu. Panya mweusi, ambaye wataalamu humwita Rattus rattus, ndiye bwana wa darini. Mkia wake ni mrefu kuliko kiwiliwili, na uzito wake kwa kawaida ni gramu 150 hadi 200. Panya wa kahawia, Rattus norvegicus, ni wa bandarini na kwenye mitaro. Huchimba, huogelea, na akishiba vizuri hufikia gramu 300 au 400. Wa tatu ni kipanya, Mus musculus, mwenye gramu 20 hivi. Kati ya kipanya na panya wa mtaroni uzito hupishana mara 15 na zaidi, na hapo ndipo kosa la kwanza la mitego inayouzwa madukani linapoonekana. Mtego wa saizi moja hauwezi kuwafaa wote wawili. Uliotengenezwa kwa kipanya utamjeruhi panya mkubwa na kumfundisha kukimbia mtego, na uliotengenezwa kwa panya mkubwa utaliwa chambo na kipanya usifyatuke.

Wapo pia wawili ambao hatuna sababu ya kuwatega. Kirukanjia, mwenye pua ndefu na harufu kali, hufanana na panya lakini chakula chake ni wadudu, mende wakiwemo. Panya buku, anayezidi kilo moja, ni wa mashimo ya shamba na vichaka. Ndugu zake wa karibu hufunzwa Morogoro na shirika la APOPO, lililoko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wanuse mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akafanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA.

Nyumba kama ngome ya panya

Nyumba ya Mji Mkongwe imejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na kuta zake mara nyingi huzidi nusu mita kwa unene. Ndani ya unene huo mna kokoto na mianya, na chokaa ikizeeka mianya huongezeka. Sakafu za juu zimelazwa juu ya boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, karibu mita 3. Paa nyingi zilikuwa bapa, baadaye zikafunikwa mabati, na kati ya paa la zamani na bati jipya pakabaki uwazi mkavu wenye joto ambao mtu hafiki. Nyumba hushirikiana kuta. Waya za umeme huvuka uchochoro kutoka dirisha hadi dirisha. Kipanya hupita kwenye tundu la milimita 6, na panya mkubwa hutosheka na ufa wa sentimita moja na nusu.

Kutokana na hali hiyo yanafuata mambo matatu ambayo kila anayetaka kutega ayazingatie. La kwanza, mtu hawezi kumfuata panya ndani ya ukuta, kwa hiyo kifaa kinachomwacha mnyama arudi kufia kwake kinaacha uvundo ndani ya nyumba. La pili, njia kuu ya panya mweusi iko juu ya vichwa vyetu, na mtego uliowekwa sakafuni unamsubiri pasipo njia yake. La tatu, kuziba mashimo ni nusu ya kazi, lakini kufanywe kwa namna inayoiheshimu nyumba. Saruji juu ya ukuta wa chokaa hufungia unyevu na chumvi ndani, na ukuta huanza kumomonyoka pembeni mwa kiraka. Tundu lizibwe kwa vipande vya mawe, wavu mdogo wa chuma, kisha chokaa. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mji ukaingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Vita dhidi ya panya isiwe sababu ya kuharibu kile ambacho miaka yote hiyo imetumika kukilinda.

Sumu, gundi, paka na tundu

Sumu ni rahisi kununua na rahisi kutumia, na kwa hiyo ndiyo inayotumika zaidi. Zile za kuzuia damu kuganda humchukua panya siku kadhaa kabla hajafa. Katika siku hizo anaendelea kutembea, kula na kunya, na akidhoofika paka au bundi humkamata, sumu ikahamia kwa mwindaji. Zile kali za unga zinazouzwa kwenye vipakiti visivyo na jina humfikia mtoto anayetambaa kwa urahisi uleule zinavyomfikia panya. Na kwa nyumba zetu kuna lile la ukutani: mzoga usiofikika, na wiki za uvundo.

Gundi humnasa mnyama akiwa hai na kumwacha ajitahidi kwa saa nyingi mpaka achoke, akinya na kukojoa palepale. England imewakataza watu wa kawaida kuitumia kuanzia Julai 2024, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2022. Katika nyumba ya vumbi la chokaa na hewa yenye unyevu, gundi hupoteza nguvu haraka, na vinavyonaswa mara kwa mara ni mijusi.

Paka anapendwa Mji Mkongwe na anastahili kupendwa. Humwinda kipanya na watoto wa panya, na harufu yake huwatia wengine hofu. Lakini panya wa mtaroni aliyekomaa ni mpinzani mkubwa kwa paka wengi, na paka anayelishwa mabaki ya samaki hana haja ya kupanda darini. Kisiwa kilishapata somo la kutegemea mnyama mmoja kusafisha uchafu wa watu: kunguru wa Kihindi waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 wale taka, na baadaye wakawa balaa kwa vifaranga na mayai ya ndege wa kienyeji.

Tundu la waya, lenye mlango unaojifunga nyuma ya panya, halina damu na linakamata bila kuua. Tatizo lake ni asubuhi. Aliyekamatwa akiachiwa ufukweni atarudi au atahamia kwa mwengine. Akitumbukizwa kwenye ndoo ya maji hufa polepole. Na tundu likisahauliwa kwa siku mbili, mnyama hufa kwa njaa na kiu.

Mtego wa springi unabeba sifa ambazo vyengine havina kwa pamoja. Hauachi sumu, huua mara moja ukitengenezwa sawa, hutumika tena na tena, na mzoga unaupata mkononi. Kwa mji wa kuta nene, sifa hiyo ya mwisho peke yake ingetosha kuupa nafasi ya kwanza.

Kilichoanza mwaka 1894

Watu wa Afrika Mashariki walijua nguvu ya kitu kilichokunjwa kabla ya springi ya chuma. Mtego wa kitanzi, ambapo ufito mbichi huinamishwa, ukafungwa kamba na kuzuiwa kwa kijiti chepesi, una sehemu zote za mtego wa kisasa: kinachohifadhi nguvu, kinachozuia, na kinachoachia mnyama akikigusa. Kusini mwa Tanzania, ambako panya wa shamba ni kitoweo kwa baadhi ya jamii, ujuzi huo bado unaishi.

Mtego wa ubao na waya ulipata hati ya ubunifu Marekani mwaka 1894, kwa jina la William Hooker wa Illinois. Miaka michache baadaye James Atkinson wa Leeds, Uingereza, akatoa ule aliouita Little Nipper, unaosifika kufunga kwa sehemu 38 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000. Mwaka 1913 aliiuza haki yake kwa pauni 1,000 kwa kampuni ya Procter. Tangu wakati huo maelfu ya wabunifu wamejaribu kuleta kitu bora zaidi, na umbo la msingi limebaki lilelile.

Mwaka huohuo wa 1894 mtafiti Alexandre Yersin alimtambua huko Hong Kong mdudu wa tauni, maradhi yaliyokuwa yakisafiri kwa meli pamoja na panya. Mwaka 1896 tauni ilifika Bombay, bandari iliyounganishwa na Zanzibar kwa meli na kwa undugu. Mwaka 1902 soko la Wahindi la Nairobi lilichomwa moto kwa sababu yake. Mtego mdogo wa ubao ulizaliwa katika kizazi kilichojifunza kwa gharama kubwa kwamba panya ni suala la afya kabla ya kuwa suala la mchele.

Nguvu ya springi

Fundi anayetaka kuunda mtego huu ana vitu vitano mezani: ubao, springi, upinde wa kupiga, ufito wa kuzuia, na kibao cha chambo. Mafanikio yako katika vipimo vitatu: nguvu, wepesi wa kufyatuka, na mahali pa pigo.

Springi ya mtego ni waya uliozungushwa, nao huhifadhi nguvu kwa kusokotwa. Kanuni mbili zinamtosha fundi. Ukizidisha mara mbili pembe ya kusokota, nguvu iliyohifadhiwa huongezeka mara nne. Na ukizidisha mara mbili unene wa waya, ugumu wa springi huongezeka mara 16. Kuhama kutoka waya wa milimita 2 hadi wa milimita 2.5, tofauti ambayo jicho haliioni vizuri, kunaipa springi ugumu wa karibu mara mbili na nusu. Ndiyo maana mitego miwili inayofanana dukani inaweza kutofautiana kabisa kazini: mmoja una waya wa kutosha, mwengine umepunguzwa unene ili bei ishuke, nao ndio unaoshika mkia na kumwachia panya.

Springi ina kazi mbili, kupiga na kubana. Pigo linataka kasi, kwa hiyo upinde uwe mgumu lakini usiwe mzito bila sababu. Kubana kunataka springi iwe bado na mkazo hata upinde unapokuwa umelala juu ya ubao. Fundi ajaribu hivi: mtego ukiwa umefungwa, ainue upinde kwa kidole. Ukiinuka bila ukinzani, springi haina mkazo wa mwanzo, na panya aliyepigwa vibaya atachomoka.

Waya laini wa kufungia nondo haufai, kwa sababu ukikunjwa hubaki ulivyokunjwa. Unahitajika waya wa pua wenye tabia ya kurudi, na Unguja unapatikana bila kuagizwa: kwenye viti vya baiskeli, makochi yaliyochakaa na magodoro ya springi ya zamani. Waya huo uzungushwe ukiwa baridi, juu ya nondo yenye kipenyo kidogo kidogo kuliko kile unachokitaka, maana ukiachiwa hufunguka kiasi. Anayeupasha moto ili aukunje kwa urahisi anaiua tabia ileile aliyoifuata. Kwa panya mkubwa, waya wa milimita 2 hadi 2.5 wa springi na milimita 3 wa upinde ni mwanzo mzuri. Kwa kipanya, milimita 1.2 hadi 1.5 inatosha.

Wepesi wa kufyatuka

Hapa ndipo mitego mingi inaposhindwa, na hesabu fupi inaonyesha sababu. Tuseme upinde uliokunjwa unasukuma ufito wa kuzuia kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 6, umbali wa sentimita moja kutoka kwenye bawaba ya ufito, na ufito wenyewe una urefu wa sentimita 8. Kwenye ncha, nguvu hiyo imeshuka hadi gramu 750. Ncha imeingia chini ya ukingo wa kibao cha chambo, na tuseme msuguano wa chuma kwa chuma ni asilimia 30 ya nguvu hiyo, kwa hiyo inahitajika gramu 225 hivi kuiteleza. Ikiwa kibao nacho ni wenzo wa mmoja kwa wanne, panya anatakiwa asukume kwa gramu 56 tu. Panya mweusi hufanya hivyo bila kujua. Kipanya wa gramu 20 hawezi, naye anahitaji mtego wake wenye springi ndogo na ufito mwembamba.

Sasa ingiza hewa ya bahari. Kutu ikizidisha msuguano mara mbili, gramu 56 huwa 112, na panya mwenye tahadhari hulamba chambo akaondoka. Mtu husema panya wa siku hizi wajanja, kumbe ncha ya ufito imeota kutu. Dawa ni tatu: kurefusha ufito, kulainisha ncha kwa tupa na msasa, na kupaka mafuta ya nazi kidogo kila mtego unaposafishwa. Mafuta ya mashine yaachwe, yasije yakamfukuza mgeni kwa harufu.

Mahali pa pigo

Upinde unatakiwa kutua shingoni au nyuma ya fuvu. Kwa panya mkubwa, mstari wa pigo uwe sentimita 3 hadi 4 kutoka kwenye chambo. Kwa kipanya nusu ya hapo. Fundi makini atampima panya wa kwanza anayenaswa na kurekebisha kibao kabla ya kutengeneza mingine. Ubao wa sentimita 18 kwa 9 unatosha kwa panya mkubwa, na 10 kwa 5 kwa kipanya. Uwe wa mti halisi unaoshika misumari. Mbao za unga wa mbao uliogandishwa huvimba kwa unyevu na bawaba hulegea. Utobolewe tundu la kamba, ili mtego ufungwe kwenye boriti usianguke wala usiburutwe.

Wazee walisema mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo, na nyumba yenye watoto na paka ilichukulie neno hilo kama agizo la ufundi. Mtego wa panya mkubwa unaweza kuvunja kidole cha mtoto. Uwekwe ndani ya sanduku la mbao lenye mlango wa sentimita 6 au 7, ulio mbali na kibao cha chambo kiasi kwamba mkono mdogo haufiki. Kimo cha ndani kizidi upinde unaposimama wima, la sivyo utagonga dari ya sanduku na kukwama. Sanduku lina faida ya pili: panya hupenda njia yenye kivuli na kuta pande zote, na huingia humo kwa hiari zaidi kuliko anavyoukaribia mtego ulio wazi.

Njia, chambo na subira

Panya hutembea kwa kugusa. Hupita kandokando ya ukuta na juu ya boriti ileile usiku hadi usiku, na mafuta ya manyoya yake huacha alama nyeusi kwenye chokaa. Alama hiyo ndiyo ramani. Mtego ulazwe ukielekea ukuta, kibao cha chambo kikiwa upande wa ukuta, ili anayepita akutane nacho. Juu, ufungwe kwenye boriti kando ya njia.

Panya mkubwa huogopa kitu kipya mahali alipopazoea. Kwa hiyo mtego ukae siku kadhaa ukiwa na chambo bila kutegwa, mpaka chambo kiwe kinaliwa bila wasiwasi, kisha mitego yote itegwe usiku mmoja. Kipanya hana woga huo. Hupenda kuchunguza, na kwake mitego mingi iliyopangwa kila baada ya mita 2 au 3 hufaa kuliko mmoja mkubwa. Kwa aina zote, mitego mingi kwa siku chache hushinda mtego mmoja uliosahauliwa kwa miezi.

Chambo bora ni kile ambacho panya wa nyumba hiyo anakijua: kipande cha nazi kilichochomwa, kichwa cha dagaa, papa mkavu, karanga iliyosagwa. Kifungwe kwa uzi ili avute badala ya kulamba. Pamba au sufi pia humvuta jike anayetengeneza kiota. Na usiku wa kutega, chakula chengine chote kifungwe kwenye vyombo vyenye vifuniko, kwa sababu hakuna chambo kinachoshindana na gunia lililo wazi.

Wema katika kuua

Katika kisiwa cha Waislamu wengi, suala hili lina upande wa dini. Panya ni miongoni mwa wanyama wachache ambao mafundisho ya Mtume yameruhusu wauawe hata mahali patakatifu, kwa madhara yao. Lakini mafundisho hayohayo yanaamuru wema katika kuua, na yanasimulia adhabu ya mwanamke aliyemfungia paka bila chakula wala maji mpaka akafa. Ruhusa na mpaka vimekuja pamoja. Gundi haipiti kipimo hicho. Tundu lililosahauliwa halipiti. Na mtego wenye springi dhaifu, unaomshika panya mguu hadi asubuhi, nao haupiti, hata kama umeuzwa kwa jina la mtego.

Wataalamu wa New Zealand, nchi inayotega sana ili kulinda ndege wake, wamefikia mahali panapofanana kwa njia ya maabara: mtego wa daraja la juu ni ule unaomfanya mnyama apoteze fahamu moja kwa moja ndani ya sekunde 30. Kwa fundi wa Unguja, maana yake ni kwamba unene wa waya ni suala la uadilifu sawa na la ufundi.

Baada ya mtego kufyatuka

Mzoga haushikwi kwa mkono mtupu. Mkojo wa panya hubeba vimelea vya leptospirosisi, na Watanzania wanakumbuka Julai 2022, pale wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi ilipokumbwa na ugonjwa uliopata kujulikana kama homa ya mgunda, watu 20 wakaugua na 3 wakafariki. Mfuko wa plastiki mkononi, maji ya klorini juu ya mzoga na mahali ulipolala, kisha kufuta kwa kitambaa; kufagia vinyesi vikavu hurusha vumbi lenye vimelea.

Kuna pia suala la viroboto. Mwaka 1898, Karachi, mtafiti Paul-Louis Simond alionyesha kwamba kiroboto ndiye anayehamisha tauni kutoka panya hadi panya; naye ndiye huipeleka hadi kwa mtu. Mwili ukipoa, viroboto huuhama. Ndiyo maana katika maeneo ya tauni, kama milima ya Lushoto iliyosumbuliwa kwa zaidi ya miaka 20 tangu 1980, viroboto huuawa kwanza na panya baadaye. Kwa mkaazi wa mjini funzo ni dogo lakini la lazima: mitego ikaguliwe alfajiri, na mzoga usikae.

Ukuta wa watu wawili

Jike la panya hubeba mimba wiki 3 tu, huzaa watoto 6 au zaidi, na watoto hao huanza kuzaa wakiwa na miezi michache. Nyumba inayotega peke yake inatengeneza nafasi, na nafasi hujazwa na panya wa jirani kupitia ukuta uleule. Hapa mfano wa Chumbe unasaidia. Kisiwa hicho kidogo cha hifadhi, kusini magharibi mwa Unguja, kilisafishwa panya wote katika miaka ya 1990 kwa chambo chenye sumu kilichosambazwa kwa mpango mmoja. Iliwezekana kwa sababu bahari ilikizunguka, na kwa sababu kazi ilikuwa chini ya mkono mmoja. Mji Mkongwe hauna bahari kati ya Shangani na Kiponda. Hapa kumaliza panya si lengo la kweli. Lengo ni kuwapunguza na kuwazuia wasirudi kwa wingi.

Kwa lengo hilo ushahidi wa kanda yetu uko upande wa kazi ya pamoja. Mradi wa ECORAT, ulioshirikisha Tanzania, Namibia na nchi ambayo sasa inaitwa Eswatini, ulijengwa juu ya wazo kwamba jamii ikitega kwa pamoja, ikasafisha mazingira na kuhifadhi nafaka vizuri, hupunguza panya bila kutegemea sumu. Wazo hilo linahamishika kwa urahisi hadi kwenye shehia. Sheha anaweza kuitisha wiki moja ya kutega kwa mtaa mzima, na kabla ya wiki hiyo kuhakikisha taka zimeondolewa. Mabaki ya soko la Darajani na ya vibanda vya chakula vya Forodhani yakilala usiku nje, hakuna springi itakayoshindana nayo. Kuondoa taka mapema ni sehemu ya mtego kama ulivyo ubao wake.

Mtego wenyewe tunaweza kuutengeneza. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina vituo vinavyofundisha useremala na uchomeleaji, na Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia ina wanafunzi wa ufundi wanaoweza kupima nguvu ya springi na kasi ya upinde. Wapewe kazi iliyo wazi: mitego ya saizi mbili, waya wa pua uliookotwa hapa, ncha isiyoota kutu, sanduku linalomlinda mtoto, na kipimo kinachokubalika cha kuua haraka. Watengeneze, wajaribu katika nyumba za mtaa mmoja, wahesabu walionaswa na waliochomoka, warekebishe, kisha watengeneze tena. Kazi hiyo ingewapa vijana biashara, ingepunguza sumu majumbani, na ingezilinda kuta za chokaa dhidi ya mchimbaji wao wa siku nyingi. Haina gharama ya kutisha na haihitaji teknolojia ngeni. Inahitaji mafundi waheshimu vipimo, na majirani wakubali kutega usiku mmoja.